Milima ya Pwani kwa siku tatu: nendeni Wundanyi, bahari itangoja

Msomaji wa Donholm, hapa Nairobi, anauliza: "Tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 7 na 12, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Kila likizo tunakwenda Mombasa, tunakaa ufukweni, tunarudi. Mume wangu amesikia kwamba kuna milima huko huko Pwani, yenye baridi na misitu. Tunaweza kupata Ijumaa hadi Jumapili. Gari letu ni dogo na liko chini. Je, tunaweza kuunganisha milima na bahari katika safari moja, na tuanzie wapi?"

Dada, nianze na jibu lenyewe, halafu nieleze. Nendeni Wundanyi, katika milima ya Taita. Laleni huko usiku wa Ijumaa na usiku wa Jumamosi, bila kuhamahama. Bahari muiache kwa safari nyingine, na gari pia mliache nyumbani.

Najua hilo la bahari litamkera mtu mmoja hapo nyumbani, pengine yule wa miaka 7. Lakini piga hesabu. Safari ya Ijumaa hadi Jumapili ina siku moja tu iliyo nzima, nayo ni Jumamosi. Ijumaa ni ya kwenda na Jumapili ni ya kurudi. Kutoka Wundanyi hadi Mombasa ni kama kilomita 200, na kipande kikubwa ni ile barabara kuu yenye malori. Mkiamua kushuka hadi baharini Jumamosi, mtakuwa mmelipa safari ya kutoka Nairobi ili mkakae tena garini. Watoto watakumbuka kiti cha nyuma. Nimewapangia familia nyingi safari za upande huu, na zinazorudi zimeridhika ni zile zilizochagua mlima mmoja na kuukalia.

Na kwa kweli bahari hamtaikosa kabisa. Milima ya Taita imesimama katikati ya nyika kavu, na kinachoifanya iwe kijani ni upepo unaotoka Bahari ya Hindi. Upepo huo hubeba unyevu, hupita juu ya nyika ya Taru bila kuacha kitu cha maana, kisha hugonga milima hii. Hauna pa kwenda ila kupanda, na ukipanda hupoa, na ukipoa unyevu hugeuka ukungu na mvua. Ndiyo maana Voi, iliyo mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, ina mibuyu na vumbi jekundu, huku Wundanyi, kwenye mita 1,400 hivi, kuna kabichi, migomba na watu wenye sweta. Mwendo wa saa moja hivi tu unatenganisha hali hizo mbili. Msitu mtakaoingia Jumamosi unaishi kwa maji ya bahari ile ile mliyozoea kuogelea.

Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya milima ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoendelea Tanzania kupitia Pare, Usambara, Uluguru hadi Udzungwa. Upande wa Kenya tumepewa kipande hiki kimoja tu. Misitu yake imekaa peke yake kwa muda mrefu mno, ikizungukwa na nyika, na viumbe vyake vimegeuka kuwa vya kwake. Wako ndege na mimea ambayo huwezi kuiona popote pengine duniani. Ninasema hivi mapema kwa sababu watu wengi hufika Wundanyi, wakapiga picha kwenye mwamba mmoja, wakarudi wakisema ni "kama Limuru". Si kama Limuru.

Sasa usafiri. Chukueni treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya kati, inayoondoka Nairobi saa 2. Hakikisheni mnapokata tiketi mmechagua kituo cha Voi, si Mombasa, kwa sababu treni za reli hii hazisimami vituo sawa. Stesheni yetu iko Syokimau na kuna ukaguzi wa mizigo kabla ya kuingia, kwa hiyo mkitoka Donholm mjipe nafasi. Kufika dakika tano kabla ya treni kuondoka ni sawa na kutofika. Mtoto wa miaka 7 atalipa nusu nauli, yule wa 12 atalipa nauli kamili. Kwa kulinganisha, tangu Januari 2024 daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa mwisho wa safari ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Kuishia Voi ni pungufu. Mama akae daraja la kwanza kama mfuko unaruhusu. Viti vya daraja la kawaida vimesimama wima na vinatazamana, na mtu mwenye magoti mabovu hupata taabu kukunja miguu muda wote huo.

Safari yenyewe ni sehemu ya utalii. Baada ya Mtito Andei reli inapita juu ya tuta kando ya Tsavo, na kutoka dirishani mnaweza kuona tembo waliopakaa udongo mwekundu. Mwambie yule wa miaka 12 aangalie pia madaraja na njia za chini ya tuta: hizo zimewekwa ili wanyama wapite kutoka upande mmoja wa hifadhi hadi mwingine.

Mtashuka Voi baada ya adhuhuri kidogo. Mbele yenu kutakuwa na mlima mrefu uliosimama peke yake upande wa kusini wa mji. Huo ni Sagalla, na una siri moja nzuri kwa mtoto anayependa viumbe. Ndani ya udongo wake anaishi mnyama anayefanana na mnyoo mnene, hana miguu, lakini ni jamaa wa chura. Hapatikani mahali pengine popote duniani ila mlima ule. Hamtamwona, maana hukaa chini ya ardhi, na msimchimbue. Ila kujua kwamba yuko pale mnapongoja gari kunatosha kumfanya mtoto autazame mlima kwa macho mengine.

Kutoka Voi kuna matatu za Wundanyi, zinazopitia Mwatate. Kwa watu watano wenye mizigo na mzee, mimi ningekodi gari zima stesheni au mjini. Elewaneni bei kabla ya kupakia begi la kwanza, na muulize kama dereva huyo huyo atawazungusha Jumamosi na kuwarudisha Jumapili. Madereva wa huko wanapenda kazi ya namna hiyo kwa sababu wanajua wamepata siku tatu, na wewe unapata mtu anayejua njia za vijijini.

Mkiamua kwenda na gari lenu licha ya ushauri wangu, litafika. Lami ipo kutoka Nairobi hadi Wundanyi mjini. Ondokeni saa 11 alfajiri, pumzikeni Mtito Andei, na msiendeshe usiku kati ya Mtito na Mwatate: tembo huvuka barabara, na tembo mwenye vumbi haonekani kwenye taa mpaka amekuwa mkubwa mno. Kupanda kutoka Mwatate kuna kona kali zinazofuatana. Kupanda si tatizo. Tatizo ni kushuka Jumapili na gari lililojaa. Shukeni kwa gia ile ile mliyopandia, na kama ni gari la otomatiki liwekeni kwenye gia ya chini badala ya kukanyaga breki kutoka juu hadi chini. Mkisikia harufu ya kitu kinachoungua, egesheni mahali pana mkangoje breki zipoe. Msimwage maji kwenye magurudumu.

Kuhusu mahali pa kulala, nina onyo moja ambalo lingewaokoa wengi. Ukitafuta hoteli mtandaoni kwa jina la Taita Hills, kitakachokuja mbele ni hoteli zilizo chini, kwenye tambarare, ndani ya hifadhi binafsi ya wanyamapori kando ya barabara ya Taveta. Moja yao imejengwa juu ya nguzo, na nyati na tembo huja kunywa maji chini ya vyumba. Ni pazuri, na kama mna pesa ya kusherehekea jambo, nendeni siku moja. Lakini hapo hamko mlimani. Hakuna baridi, hakuna msitu, na bei ni ya mtalii. Mnachotaka ninyi ni nyumba za wageni za Wundanyi mjini au vijiji vya jirani: vyumba vya kawaida, blanketi nzito, chai ya maziwa asubuhi. Pigeni simu kabla, muulize mambo mawili: kama kuna maji ya moto ya kuoga, na kama kuna chumba cha ghorofa ya chini kwa mama.

Ijumaa jioni msipange kitu. Tembeeni mjini Wundanyi. Mji uko ndani ya bonde, umezungukwa na mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi kwenye miteremko, na mifereji midogo ya maji inapita kati ya mashamba. Mboga nyingi zinazoliwa Mombasa hutoka juu huku. Muulizeni mwenye nyumba kama anaweza kuwapikia kimanga kwa chakula cha jioni cha Jumamosi, kwa sababu si chakula cha kuagiza na kuletewa baada ya robo saa. Ni maharage na muhogo, au ndizi mbichi, au viazi vitamu, vilivyochemshwa pamoja hadi vikalainika, kisha vikapondwa kwa mwiko kwenye sufuria hiyo hiyo. Ukikiangalia kikipondwa utaona maharage mengine hubaki nzima, mengine hupotea kabisa ndani ya muhogo, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Chakula hicho kinashibisha. Kuleni kwa mboga za majani, msikiharakishe.

Jumamosi ni Ngangao, na hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu ndiyo sababu ya safari nzima.

Ngangao ni msitu wa asili ulio kwenye mgongo wa mlima, si mbali na Wundanyi. Una hekta 120 hivi. Kwa mtu aliyezoea kusikia habari za Mau au Mlima Kenya hicho ni kipande kidogo, na kweli ni kipande: karibu msitu wote wa asili wa Taita ulikatwa ukawa mashamba, na kilichobaki ni visiwa vichache, Ngangao, Mbololo, Chawia na vingine vidogo zaidi. Viumbe vile visivyopatikana popote pengine vimebanwa ndani ya visiwa hivyo. Ndiyo maana mimi huwaomba watu waende, walipe mwongozaji wa pale, wanunue mboga pale. Mwananchi anayeishi kando ya msitu akiona kwamba watu wanatoka Nairobi kuja kuutazama, anakuwa na sababu nyingine ya kutokata mti.

Ondokeni asubuhi, ifikapo saa 1 muwe mmeshapakia. Njia ya mwisho ni ya udongo, na mvua ikinyesha huteleza; hapo ndipo dereva wa kukodi anapojilipa. Mwongozaji mpangiwe Ijumaa kupitia ofisi ya misitu au mwenye nyumba ya wageni. Msiingie peke yenu. Njia zinagawanyika, na macho yenu hayajazoea kuona kilichopo.

Mtaanza kwenye misonobari, miti ya kigeni iliyopandwa pembezoni mwa msitu. Kimya, mistari iliyonyooka, chini hakuna kitu ila majani makavu. Halafu mnavuka mpaka na kila kitu kinabadilika. Baridi inashuka hapo hapo. Miti inakuwa ya kila aina na kila umri, mimea itambaayo inaning'inia, na vigogo vimevaa kuvumwani nene ya kijani. Mwambie mtoto abonyeze kuvumwani hiyo kwa kidole kimoja, taratibu: maji yatatoka na kumtiririkia mkononi hata kama mvua haijanyesha kwa siku kadhaa. Hayo ni maji ya ukungu. Miti hii hukamua ukungu unaopita na kuudondosha chini, na chemchemi zinazolisha mashamba ya bondeni hutegemea kazi hiyo. Mtoto akishagusa maji hayo huna haja ya kumweleza tena kwa nini msitu usikatwe.

Kisha simameni mahali pamoja, dakika kumi, bila kuongea. Watoto wanaweza, msiwadharau. Mpeni kila mmoja kazi ya kuhesabu sauti tofauti. Chini, kwenye majani yaliyooza, kuna ndege wa Taita anayefukua wadudu kwa mdomo: kichwa na kifua cheusi, ubavu wa rangi ya kutu, mdomo wa rangi ya chungwa unaong'aa kwenye giza la msitu. Yupo mwingine mdogo sana, wa kijivu, anayerukaruka vichakani chini chini, na huyo ni miongoni mwa ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Wote wawili dunia yao ni vipande hivi vya msitu wa Taita, basi. Mkimwona mmoja, mmebahatika. Mkimsikia tu, pia ni bahati. Msikubali mwongozaji awapigie sauti ya ndege kwenye simu ili kumvuta aje. Ndege mwenye kiota akisikia hivyo huacha alichokuwa akifanya kuja kupigana na adui asiyekuwepo.

Viatu viwe vya kufunika mguu, soksi juu ya suruali, kwa sababu ya siafu. Mama asiingie ndani sana. Mwanzo wa njia ni mwepesi kidogo, anaweza kutembea nanyi mwendo mfupi kwa mkongojo kisha akarudi garini na dereva. Matembezi ya saa mbili hadi tatu yanatosha kwa mtoto wa miaka 7.

Nitagusa Mbololo kwa ufupi, maana siyo ya safari hii. Ni msitu ulio kwenye mlima wa pembeni, ulioharibiwa kidogo kuliko vingine, na ndani yake ndimo linamoota ua moja la zambarau lenye majani ya manyoya, jamaa ya yale maua madogo ya vyungu yanayouzwa madirishani kote Ulaya. Aina hiyo ya mwituni iko Mbololo peke yake. Kufika kunahitaji mguu na siku nzima. Watoto wakikua, rudini.

Mchana wa Jumamosi mmpe mama zamu yake. Mwombeni dereva awapeleke upande wa Vuria, kilele cha juu kabisa cha Taita, mita 2,208. Juu kuna minara ya mawasiliano, na barabara inakaribia sana, kwa hiyo hata mtu asiyeweza kupanda hupata kuona. Siku isiyo na mawingu mnaona nyika ya Tsavo imetandazwa chini pande zote, na Kilimanjaro upande wa magharibi. Siku ya ukungu hamtaona hata bonati ya gari, na hilo ni la kawaida kuanzia Juni hadi Agosti. Ukungu ukiwa mzito asubuhi, ngojeni hadi alasiri. Ukikataa kuondoka, msipande, nendeni Wesu. Mwamba wa Wesu uko juu ya mji, mteremko wake umekatika ghafla, na kutoka pale mnaiona Wundanyi yote chini. Shikeni mkono wa mtoto mdogo. Hakuna uzio.

Mtaambiwa pia kuhusu mapango ya mafuvu, na ninaomba tulizungumze hili kwa heshima. Wadawida, yaani Wataita, wa zamani walikuwa na desturi ya kufukua fuvu la mzee wa ukoo baada ya muda na kulihifadhi kwenye pango au chini ya mwamba pamoja na ya waliomtangulia, na watu wa ukoo walikwenda pale kuomba wakati wa ukame au ugonjwa. Ukristo ulipoingia desturi hiyo ilikoma, lakini mafuvu mengi bado yapo, na wenyewe bado wapo. Vile vile kuna fighi, misitu midogo mitakatifu iliyolinda vijiji, ambamo hapakatwi mti. Msiende pangoni kwa sababu kijana fulani stendi amesema anajua njia. Nendeni tu kama mzee wa mahali pale amekubali na mmoja wao amewasindikiza. Msiguse chochote. Msipige picha bila ruhusa, na mkiruhusiwa, msimpige mtoto wenu picha akiwa ameinama karibu na fuvu akitabasamu. Hao ni babu za watu. Kwa mtoto wa miaka 7 mimi ningeacha. Yule wa 12 aende na baba, na aelezwe kabla ya kufika.

Jumapili ni fupi. Treni ya asubuhi kutoka Mombasa inapita Voi kabla ya adhuhuri, kwa hiyo tokeni Wundanyi saa 1 asubuhi ili mfike stesheni bila presha na mpite ukaguzi. Mtakuwa Nairobi alasiri, watoto wataoga na kulala mapema, na Jumatatu shule haitakuwa vita. Mkikosa tiketi ya kurudi, mabasi ya Mombasa kwenda Nairobi hupita Voi mchana kutwa, ila mtafika usiku.

Kuna mambo mtashawishiwa kuyaongeza, na mimi ningeyakataa kwa safari hii. Tsavo Mashariki ina lango karibu na Voi, lakini hifadhi inataka asubuhi yake nzima, na kiingilio hulipwa kwa eCitizen kabla, si kwa pesa mkononi langoni. Ziwa Chala, ndani ya kasoko mpakani mwa Kenya na Tanzania karibu na Taveta, ni zuri ajabu, maji ya buluu chini ya kingo zilizosimama. Liko mbali na Wundanyi kwa kwenda na kurudi siku moja na mzee, na atakayewaambia mkaogelee humo msimsikilize: mamba alimuua mwogeleaji pale mwaka 2002. Kasigau, mita 1,641, ni mlima wa wapandaji, una vijiji vitano kuuzunguka na msitu wa ukungu kileleni. Huo ni wa mume wako na marafiki zake. Lushoto, kule Usambara, kila mtu wa Nairobi anaiota, na anastahili kuiota, lakini mpaka upo katikati. Itengeeni siku nne au tano.

Sasa ile bahari. Kama nyumbani kura zitasema lazima bahari iwepo, basi msiende Taita kabisa. Ngojeni wikendi yenye Jumatatu ya sikukuu, mwende Shimba Hills, Kwale. Hivyo ni vilima zaidi kuliko milima, havifiki mita 500, lakini vinatazama bahari moja kwa moja. Chukueni treni ya saa 9 alasiri siku ya Ijumaa hadi Mombasa. Stesheni iko Miritini, na barabara ya Dongo Kundu sasa inawapeleka Kusini bila kugusa kivuko cha Likoni, jambo ambalo limebadilisha kabisa hesabu za safari hii kwa watu wa Nairobi wanaofika usiku na watoto waliosinzia.

Shimba ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Hapo ndipo mahali pekee nchini Kenya pa kumwona palahala, swala mkubwa ambaye dume lake huwa jeusi ti, tumbo jeupe, na pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma. Ingieni langoni mapema, kabla jua halijawaka, maana baadaye palahala hujificha kivulini. Kuna matembezi ya kushuka hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 20 na ushei, mkisindikizwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki kwa sababu ya tembo. Kushuka ni rahisi na kurudi ni kupanda moja kwa moja kwenye joto, hivyo mama abaki juu kwenye sehemu ya mandhari. Watoto wakifika chini waruhusiwe kuingia kwenye maji pale askari atakaposema pako salama.

Baada ya hapo Diani iko chini yenu. Kabla ya kukimbilia ufukweni, tengeni asubuhi moja kwa Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya kaya, yaani makao ya kale ya Wamijikenda, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wenyeji huwapokea wageni, mtafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na mtatembea taratibu kwenye ardhi tambarare kati ya miti mikubwa iliyosimama juu ya matumbawe ya kale. Hapo ni mahali mama mkwe anaweza kwenda nanyi mwanzo hadi mwisho. Mkishaona Ngangao mwaka huu na Kinondo mwaka ujao, watoto watakuwa wameuona msitu wa Pwani juu na chini.

Kuhusu majira: Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda kwa Taita, anga likiwa safi na njia kavu. Juni hadi Septemba kuna baridi na ukungu lakini msitu uko katika uzuri wake. Masika, Machi hadi Mei, mwaweza kukwama kwenye njia za udongo, na Novemba vuli huleta hayo hayo. Kila mtu abebe sweta nzito na koti la mvua hata kama Voi mtashuka mkitoa jasho, na mama abebewe shali na kitu cha kukalia kwenye vituo vya kuangalia mandhari, kwa sababu mabenchi hakuna. Pesa taslimu za noti ndogo chukueni Nairobi. Vijijini M-Pesa inafanya kazi lakini mtandao huyeyuka pamoja na ukungu.

Anzeni kwa kukata tiketi za treni za kwenda na za kurudi kwa mpigo mmoja, kabla ya kupiga simu ya chumba. Vyumba vya Wundanyi huwa vinapatikana. Viti vya Ijumaa huisha, hasa shule zikikaribia kufunga, na familia ya watu watano inayotaka kukaa pamoja ndiyo ya kwanza kutawanywa mabehewani.